Mpira kwenye Kipini cha Kushoto

Haya, wewe uliyesogea karibu na jiko kwa baridi hii ya Ufipa, nifumbulie jambo. Amezimwa, amenyamaza, hapumui wala hatikisiki, lakini ukimshika vibaya atakuvunja mfupa. Ni nani? Usiniambie nyoka, nyoka anapumua. Usiniambie umeme, ukikatika umekwisha. Fikiri taratibu. Ukishindwa sitaki kijiji kidogo, nataka unipe Chala nzima na soko lake.

Wakati unafikiri, msikilize Silvana, mama Flavian.

Silvana ndiye aliyekuwa na ufunguo wa mashine ya kufyatulia tofali pale kijijini, mwendo mfupi kutoka Chala. Kamati ya ujenzi ya kijiji iliiazima ili ijenge nyumba karibu na zahanati, wajawazito wa mbali wapate pa kusubiria siku zao. Mashine ilikuwa ya haidroliki: injini inasukuma oili, oili inasukuma chuma kizito, na chuma kinashindilia udongo wenye saruji mpaka unatoka ukiwa tofali gumu lisilohitaji kuchomwa. Akina mama walishaipa majina ya nyumbani. Sanduku la udongo waliliita kinu, na chuma kinachoshuka wakakiita mchi.

Mchi ule haushuki mpaka ubonyeze vipini viwili kwa pamoja, cha kulia na cha kushoto. Aliyeiunda alitaka mikono yako yote miwili iwe na kazi mbali na kinu.

Silvana alikifunga kipini cha kushoto kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kikakaa kimebonyezwa kutwa nzima, na mkono wake wa kushoto ukawa huru.

Hakuwa mtu mzembe. Msimu wa mvua uliopita, mkwe wake Edith alijifungulia njiani, pikipiki imezama kwenye tope, na Silvana alikuwa amepiga magoti pale akimfunika kwa kitenge chake. Mtoto alilia mara moja. Edith alikaa siku tatu hajui jina lake. Tangu hapo Silvana hakutaka kusikia neno kesho. Sasa zilibaki wiki nne mvua zianze, kuta zilikuwa zimefika magotini, na kwa mkono mmoja huru tofali mia tatu za siku ziligeuka mia nne. Juma lililopita mchi ulimgusa kidole gumba. Ukucha ukawa mweusi kama zambarau. Walipomuuliza, akasema amebanwa na mlango.

Kisha paipu ya oili ikaanza kuvuja, nguvu ya mchi ikapungua, ikabidi aitwe fundi kutoka Sumbawanga.

Aliyeshuka kwenye pikapu ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ovaroli imekunjwa mikono, nywele zimefungwa kitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fundi yuko nyuma?"

"Fundi ndiye mimi. Naitwa Gaudiosa."

Mzee Wilibrodi, mwenyekiti wa kamati, hakuweza kujizuia. "Tumeomba fundi, wametuletea mwanakwaya!"

"Kwaya ni Jumapili, mzee wangu. Leo Jumanne. Niwashieni niisikie."

Injini ikanguruma. Wilibrodi akainama na kunyoosha kidole kwenye paipu. "Inavujia hapa, ngoja nipapase—"

"Toa mkono!"

Sauti ile ilimrudisha nyuma hatua mbili, mzee na kofia yake. Gaudiosa aliokota kipande cha boksi, akakishika kwa koleo refu, akakipitisha taratibu kando ya paipu. Ghafla boksi likapata mstari, kama limekatwa na wembe. Oili yenyewe haikuonekana hata kidogo.

"Ingeingia kwenye nyama yako, mzee. Tundu dogo kama la sindano, na kesho mkono umevimba mpaka begani."

Wilibrodi alikitazama kidole chake kana kwamba ndiyo kwanza amepewa. Silvana akaficha gumba lake kwenye upindo wa kitenge.

Injini ikazimwa. "Basi fungua upesi," akasema Wilibrodi, "imeshazimwa."

"Imezimwa, haijalala." Gaudiosa aliushusha mchi mpaka ukakaa juu ya gogo, kisha akasogeza kishikio kinachofungulia oili njia, mbele na nyuma, mara tatu, mara nne. Ndani ya paipu kukasikika kitu kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kutua mzigo. Ndipo alipochukua spana. Umemwona sasa niliyekuuliza? Ni hiyo oili iliyobanwa kwenye paipu. Injini inanyamaza, yenyewe bado inasukuma. Haya, Chala yako nimekusamehe.

Silvana alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamtazama binti yule akifanya kazi. Kila boliti aliloliondoa alilipanga kwenye kitambaa kwa mpangilio uleule lilivyotoka. Alifuta mdomo wa paipu mpya mara mbili, chembe ya vumbi isiingie. Hakuwa na haraka, na bado kila kitu kilikwisha kabla mtu hajasema kimechelewa. Silvana aliwahi kuwaona wahunzi wazee wakiwa makini hivyo na moto wao, lakini hawa wa spana hakuwahi. Moyo wake ulimpenda, na papo hapo ukamwogopa.

Maana Gaudiosa alikuwa amefika kwenye kipini cha kushoto.

Aliuvuta ule mpira kwa vidole viwili, ukarudi kwa mlio. Pah!

"Nani kafanya hivi?" Wilibrodi alifoka. "Kamati ilisema wazi, atakayechezea mashine arudishe ufunguo na asiiguse tena!"

"Mzee, mimi siulizi nani," Gaudiosa akasema. "Nauliza hivi: mkono wa kushoto ulikuwa unakwenda wapi?"

Akawatazama akina mama mmoja mmoja.

"Mtu hafungi mpira kwa kupenda mpira. Ule mkono ulikuwa na kazi mahali. Nikiutoa mpira bila kuijua kazi hiyo, nikifika Sumbawanga tu mmeufunga tena. Niambieni ulikuwa unakwenda wapi, niutengenezee mkono wa chuma. Mashine ya kuchomelea ninayo kwenye pikapu."

Silvana alifungua mdomo. Kamba ya ufunguo ilimkwaruza shingoni. Tangu kuzaliwa kwake hakuna aliyewahi kumkabidhi kitu kikubwa mbele za watu isipokuwa ufunguo huu, na kila alipofyatua tofali aliona kama anaondoa kiganja kimoja cha tope chini ya mgongo wa Edith. Akafunga mdomo.

Gaudiosa akaukata mpira, akajaribu mwenyewe. Alifyatua tofali kumi, zote nzuri, pembe zimekamilika. Akatikisa kichwa, hakuona mkono wa pili ungehitajika wapi. Silvana ndiye aliyejua. Asubuhi kinu ni baridi na kisafi. Taabu huanza ikikaribia saa sita.

"Afunzwe na mwingine," Gaudiosa akasema, "mwendeshaji akiugua, kazi isisimame."

Akachaguliwa Agnesi, jirani yake Silvana, mama wa watoto wanne wadogo, mikono myepesi kama ya mfuma vikapu. Mpaka saa tano na nusu alikuwa ameshazoea, anaimba, anataniwa.

"Agnesi, tofali si vitumbua, usizionee huruma!"

"Wewe beba, acha maneno, shemeji!"

Gaudiosa alikwenda kwenye pikapu kufungasha vifaa vyake. Jua likawa utosini, kinu kikapata moto. Likatoka tofali lenye pengo pembeni. Likafuata jingine. Agnesi akaacha kuimba. Alichungulia kinu, akapeleka vidole pale palipokuwa na tatizo, akavirudisha, akatazama kipini cha kushoto. Kisha, bila mtu kumfundisha, akainama akachana ukanda wa mfuko wa saruji, akaanza kukizungushia.

"Agnesi! Zima!"

Silvana hakujua kama ameshasimama. Injini ilinyamaza. Aliushika mkono wa Agnesi, mzima, wenye vidole vitano, akaushusha mbali na kinu. Gaudiosa alikuwa anakuja mbio, spana mkononi, na Wilibrodi nyuma yake, "Kuna nini? Kuna nini?"

Silvana akavua kamba shingoni, akauweka ufunguo juu ya rundo la tofali zenye mapengo, mahali ambapo kila mtu aliuona.

"Pembe ya nyuma, kushoto," akamwambia Gaudiosa. "Ikifika saa sita saruji inagandia pale, udongo haushuki. Ukiusukuma mapema, kinu kinatikisika unarudi, kwa hiyo lazima uushikilie mpaka mchi ukaribie kabisa. Kukwangua ni kuzima, kushusha mchi, kuwasha upya, na mimi sikutaka kupoteza hata tofali moja. Huko ndiko mkono ulikokuwa unakwenda, mwanangu. Na mkono ulikuwa wangu."