Makofi kwa Rais wa Farasi

Rais wa jumuiya yetu alikuwa anaogopa farasi. Hofu hiyo peke yake isingekuwa aibu, kwa maana watu wengi wenye akili timamu humwogopa mnyama aliyewazidi kimo. Lakini jumuiya yenyewe iliundwa kwa ajili ya farasi: ilisaidia utafiti wa kujua kama kupanda farasi kunaweza kuwaimarisha watoto ambao polio imewalegeza miguu na mgongo. Citoyen Mukuka, yaani Raia Mukuka kama tulivyotakiwa kuitana siku zile, alikuwa ameiongoza tangu mwanzo bila kukanyaga zizini. Aliuongoza utafiti jinsi mtu anavyoongoza mazishi ya marehemu asiyemjua, kwa abakosti, ile suti ya kizalendo isiyo na tai, iliyopigwa pasi na uso mzito.

Cheo hicho hakukitafuta. Serikali ilipogawa mali ya wageni, yeye alipewa duka la Mgiriki mmoja mjini, na kwa kuwa Mgiriki yule alikuwa kiongozi wa kilabu cha farasi kando ya barabara ya Luano, Mukuka alirithi kilabu pamoja na duka, kama mtu anavyorithi paka aliyesahauliwa nyuma ya magunia. Wazungu wa kilabu walikuwa wamekwisha kuondoka. Alibaki farasi jike mmoja mwekundu, na alibaki Mama Ngalula, muuguzi kutoka Kasai, aliyeamini kwamba mnyama yule anaweza kufanya kazi bora kuliko kuwabeba wake za wakurugenzi siku ya Jumapili. Kilabu kikageuzwa jumuiya, lakini utafiti wote ulikuwa wake. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa saikolojia katika chuo kikuu. Nilikwenda kumsaidia kila alasiri nisiyokuwa na masomo, na niliona fahari kufanya hivyo.

Kamati ya jumuiya ilifanya jambo moja tu ninaloweza kulishuhudia: ilimbatiza farasi upya. Tangu zamani aliitwa Duchesse. Katika miaka ile ya kurudia asili yetu, wakati Mukuka mwenyewe alikuwa amekwisha kulivua jina la Clovis, haikufaa mnyama wa Zaire abaki na jina la Kizungu. Kamati ikajadili alasiri nzima, ikanywa bia ya kutosha, ikamwita Shaba. Watoto waliendelea kumwita Dushesi. Farasi hakuitikia jina la kwanza wala la pili.

Aliitikia makofi. Watoto wengine hawakuweza kuvuta hatamu, na kelele zilimtia farasi wasiwasi. Kwa hiyo Mama Ngalula alimzoesha kwamba makofi maana yake ni kusimama. Mtoto akianza kuteleza tandikoni, yeyote aliyemwona kwanza hupiga makofi, na farasi husimama papo hapo kama aliyepigiliwa ardhini. Makofi yakikoma, huendelea na safari yake kuzunguka uwanja hadi kwenye jukwaa la mbao tulilolijenga ili watoto wapande na kushuka bila kuinuliwa juu sana.

Miongoni mwa watoto hao alikuwepo Rabia, binti wa Mzee Abibu, fundi cherehani wa mtaa wa Bel-Air. Mama yake, Mama Amida, alimleta kwa baiskeli, amemfunga kwa kitenge ili asianguke. Mwanzoni Rabia alilala kwenye shingo ya farasi kama nguo iliyoanikwa. Baada ya majira mawili ya mvua alikaa wima. Kisha siku moja, aliposhuka jukwaani, alishika manyoya ya shingo ya farasi akasimama kwa miguu yake mwenyewe, na vyuma alivyofungwa miguuni vikalia kidogo. Mama Amida alijifunika uso kwa kitenge.

Ilikuwa wiki hiyohiyo tulipoambiwa kwamba kituo chetu cha utafiti kinahamishwa. Rais alikuwa na shamba mbali nje ya mji, kwenye barabara ya Kasenga, ambako wageni wake walikula nyama ya kuchoma kila Jumapili, na sasa alitaka wawe na farasi wa kupigia picha. Mimi na Mama Ngalula tulimfuata dukani. Alitupokea akiwa ameketi nyuma ya makopo ya rangi.

"Mama Ngalula, utafiti inaomba hewa muzuri," alisema. "Kule kwangu hewa iko muzuri sana."

"Na batoto, Citoyen Président? Batafika kule na nini?"

"Batoto bako kila fasi. Ata kule kuko batoto."

"Bale ba kule habana polio."

"Tutatafuta," alijibu, bila hata chembe ya haya.

Rais akatueleza mpango wake: mjumbe wa chama tawala atakuja uwanjani, hotuba itasomwa, wanachama wa jumuiya watapitisha uhamisho, na yeye mwenyewe, aliyeogopa kudharauliwa na chama kuliko alivyoogopa farasi, atatoka uwanjani juu ya mnyama huyo mpaka kwenye lori mbele ya watu wote.

Nikaona kwamba ni wajibu wangu kumwonya. "Citoyen Président, farasi huyu amefundishwa kwa namna yake. Kama watu—"

"Binti," alinikatiza, "Président habamufundishake mambo ya farasi. Weye soma masomo yako."

Nilirudi chuoni nikasoma masomo yangu.

Siku ya sherehe, viti vilipangwa kivulini mwa mikalitusi, na mjumbe wa chama akakalishwa kwenye kiti pekee chenye mto. Kina mama wa Bel-Air walisimama juani pamoja na watoto wao. Rabia alikuwa amekalishwa kwenye ukingo wa jukwaa la mbao, nami nilisimama kando yake. Rais alisoma hotuba ndefu kuhusu farasi katika maendeleo ya taifa, hotuba ambayo ungeweza kuitumia kwa saruji au kwa mahindi bila kubadilisha sentensi. Kisha akauliza kama wanachama wanakubali kituo kihamie Kasenga. Kwetu siku zile kukubali kulikuwa ni kupiga makofi, na hakuna aliyewahi kuvumbua sauti ya kukataa. Mjumbe alipiga makofi. Kamati ikapiga. Wengine wote wakafuata, hata Mama Amida, huku machozi yakimtoka.

Basi rais akapanda kreti za bia, kutoka kwenye kreti akapanda farasi kwa msaada wa wanakamati wanne, akakaa amejikunja, mikono miwili imeng'ang'ania tandiko. Akatazama mbele kwenye lori lililokuwa linamngoja langoni. Watu wakampigia makofi.

Farasi alisimama kimya.

Rais alimgusa kwa visigino. Farasi hakutikisa hata sikio. Mjumbe, akidhani huo ni utukufu uliopangwa, rais ametulia juu ya farasi kama sanamu, akazidisha makofi. Na mjumbe akiwa anapiga makofi, nani angethubutu kuishusha mikono yake? Wanakamati walikuwa wakitazamana kwa pembe ya jicho, kila mmoja akichunga asiwe wa kwanza kunyamaza. Rais, jasho likimtiririka, akainua kiganja kuwaomba wakome. Maskini, hata hilo lilikuwa kosa: kiongozi mkubwa anapoinua kiganja anaonyesha unyenyekevu, na watu waliolelewa vizuri huujibu unyenyekevu kwa makofi makubwa zaidi. Ndivyo walivyofanya. Farasi akatanua miguu ya nyuma, akakojoa kwa utulivu, na kamati nzima ikaendelea kumshangilia.

Rabia akanivuta sketi.

"Mademoiselle, bakiacha kupiga mikono, farasi ataenda?"

"Ataenda."

"Mupaka mu kamyo?"

"Mpaka kwenye lori, ndiyo, kama rais akimwelekeza huko. Na kule kuna mtu wa kumpakia."

Wakati huo mjumbe alikuwa amechoka. Makofi yalipungua, yakawa ya hapa na pale, na farasi akainua mguu wa mbele. Rabia akaanza tena, peke yake, kwa viganja vidogo vilivyonyooka. Mguu ukarudi chini. Mama Amida akamtazama binti yake, akaelewa, akapiga makofi kwa nguvu za mwanamke aliyezoea kutwanga. Kina mama wote wakamfuata, mmoja akaongeza kigelegele. Wanakamati walishtuka kusikia wananchi wakimshangilia rais kuliko wao, wakajiunga upesi, nyuso zimekunjamana kwa bidii. Mama Ngalula alipiga makofi taratibu, kidevu juu, kama yumo kanisani. Mimi nilipiga hadi viganja vikaniwaka moto.

"Inatosha, bandugu," rais aliomba kutoka juu. "Nasema inatosha."

"Kabisa haitoshi, Citoyen Président," alijibu mwanamke mmoja kutoka nyuma, na watu wakacheka huku wakiendelea.

Dereva wa lori alizima injini akavuta sigara. Ndege ilishuka kwenye kiwanja cha Luano, na hata mngurumo wake haukutunyamazisha. Mwishowe mjumbe, ambaye alikuwa na sherehe nyingine ya kuhudhuria, akasimama mbele ya kiti chenye mto.

"Citoyen Mukuka," alisema kwa sauti ya kushinda makofi, "mimi nimeelewa. Raia hawa wanakupenda hapa, na hawataki uondoke. Chama hakiwezi kwenda kinyume cha raia. Kituo kibaki hapahapa."

Hakuwa ameelewa chochote, lakini alikuwa amesema, na neno lake lilihitaji kupitishwa. Likapitishwa kwa makofi marefu kuliko yote. Rais mwenyewe, akiwa juu ya farasi, alilazimika kuachia tandiko na kuupigia makofi uamuzi uliomnyang'anya farasi wake wa Jumapili.

Kisha mjumbe akashusha mikono, na kukawa kimya.

Farasi akaenda. Hakwenda langoni, kwa sababu aliyekuwa juu yake hakujua kumwelekeza. Alifuata njia yake ya kila siku, akazunguka uwanja hatua kwa hatua, rais amelala kwenye shingo yake kama nguo iliyoanikwa, hadi kwenye jukwaa la watoto. Hapo akasimama, akangoja. Mama Ngalula alimshika rais kwapa moja nami nikamshika kwapa la pili, kama tunavyowashika wote, lakini yeye hakutaka kuachia manyoya.

Rabia alijisogeza pembeni kumpisha.

"Président," alisema, "weka mukono apa pa bega yangu. Ni vile tunashukaka."

Akaweka.