Mtaa Ulivyosusa Vitumbua Vyangu

Usiku wa kuamkia leo nimeota, na naomba nisikatizwe, maana ndoto yenyewe ilikuwa na utaratibu wake.

Nipo kibarazani kwangu Muheza, saa mbili asubuhi, nakaanga vitumbua, na mteja hakuna. Hilo la mteja si ndoto, ni wiki ya tatu sasa. Siku ya maziko, jeneza la mzee Shemhilu lilipita mbele yangu, watu wote wakasimama, mimi nikaendelea kugeuza vitumbua. Kuna aliyenipiga picha akairusha kwenye kundi la simu la mtaa. Mwenyekiti akatoa tamko: kwa heshima ya mjane, asikanyage mtu kwa Mwanamvua. Mwanamvua ndiye mimi. Tangu hapo kila siku namwagia kuku rojo, nao wananenepa kwa shida zangu. Wiki moja zaidi na ninafunga biashara.

Sasa kwenye ndoto, chuma changu cha vitumbua kinafungua mdomo, kinauliza tunamkaangia nani. Nakiambia kinyamaze, kazi ni kazi.

Mara linaingia tumbo. Tumbo peke yake, bila mtu. Linajivuta mpaka kwenye benchi, linakaa. Nalitambua papo hapo, ni la mwenyekiti, halifichiki lile. Naliuliza kama halina habari ya tamko.

"Tamko linasema asikanyage mtu," linajibu. "Mimi si mtu, na miguu sina."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe amesusa. Mimi sikuulizwa."

Niliona ni hoja nzito, nikaliwekea vitatu. Kufika saa tatu benchi limejaa matumbo ya mtaa mzima, yanasalimiana kwa adabu na kuulizana habari za nyumbani. La yule mpiga picha limejibanza pembeni, linaomba lisipigwe picha.

Nageuka kuongeza mafuta, nikirudi benchi limekuwa jeneza, na jiko langu liko katikati ya barabara ya makaburini. Mzee Shemhilu kakaa juu ya jeneza na kofia yake ya kila siku. Namwamkia, anaitikia. Naanza kujitetea kwamba mafuta yalikuwa motoni, vitumbua vingeungua.

"Vingeungua," anakubali. "Ungekaanga vingine. Mimi nilikuwa napita mara moja tu."

Wallahi niliona aibu. Aibu ya kweli, ambayo mwenyekiti na simu yake hawajawahi kunitia.

Nikamwomba radhi. Akasema kwake yamekwisha, ila nimwombe na mkewe. Nikamwambia si ndiye huyo ambaye mtaa umenisusa kwa ajili yake. Mzee akashangaa. Mkewe yuko eda, hatoki nje, hilo tamko kalisikia wapi? Kisha akaagiza kama alivyozoea kila asubuhi alipokuja kuchukua vinne, vyake viwili na vya mkewe viwili.

"Kuanzia leo viwili," akasema.

Nikaamka. Jua limeshatoka na mlango unagongwa. Ni Bi Salha, mdogo wa yule mjane, kashika bakuli. Tangu msiba sijamwona mtu wa nyumba ile. Nikamwuliza kama ni vinne, maana kwao ni vinne, mwaka wa kumi na moja huu.

"Dada anasema viwili," akanijibu. "Nimemweleza kwamba mtaa umekususa kwa ajili yake. Kaniuliza, nani alikwenda kumwuliza?"

Nikalipokea bakuli. Kisha nikawasha jiko. Nikamwambia Bi Salha atangulie, vitumbua nitavipeleka mwenyewe, nina radhi ya kuomba. Vilipoiva nikashika barabara kubwa, ile inayopita mbele ya nyumba ya mwenyekiti, na bakuli sikulifunika.