Bawabu na Neno la Tatu

Baba huwaambia majirani kwamba mimi nafanya kazi maktaba. Sijawahi kumsahihisha, maana si uongo kabisa. Kwa watu wa JavaScript, ile lugha inayoendesha tovuti nyingi, maktaba ni furushi la msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ambalo mtu ameliandika ili wengine wasihangaike kuandika kitu kilekile upya. Maktaba yetu, mimi na rafiki yangu Koma, inaitwa Bawabu. Kazi yake ni kukaa mlangoni pa tovuti na kukagua kila kinachojazwa. Hii ni namba ya simu kweli? Tarehe hii ipo kwenye kalenda? Kilicho sawa kinapita, kilichokosewa kinarudishwa.

Koma si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata chuoni, siku aliyotafuta kosa kwenye programu yake tangu asubuhi mpaka wenzake wakaondoka darasani, kumbe alikuwa amesahau koma moja. Shangazi yangu aliposikia anaitwa hivyo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa mtu kama huyu nimwiteje? Nikisema 'Koma!' si atadhani namkataza?"

Bawabu alizaliwa mdogo sana. Tulimwandika kwa ajili ya duka la viatu ambalo wateja wake walikuwa wakiandika saizi ya kiatu mahali pa namba ya simu. Alikuwa ukurasa mmoja tu, na alichojua ni kutofautisha namba na maneno. Amri zake tuliziandika kwa Kiswahili, kwa utani: *lazima*, *tarehe*, *barua*. Tulidhani hakuna mwingine atakayemtumia. Tukamweka mtandaoni bure, watu wakamchukua. Mtu mmoja wa nchi ya mbali akatuandikia kuuliza *lazima* maana yake nini. Koma akamjibu, "Maana yake ni lazima ujifunze." Yule bwana akajifunza kweli, na miezi michache baadaye akatuletea marekebisho mazuri ya sheria za tarehe, na maelezo yake ameyaandika kwa Kiswahili cha kuchekesha kidogo. Nilimpenda mtu ambaye sijawahi kumwona.

Toleo la pili lilijua kuunganisha sheria. Toleo la tatu ndilo lililoleta ukaguzi wa papo kwa papo: Bawabu hasubiri ubonyeze "Tuma", anakagua kila herufi unapoigusa. Hiyo ilikuwa kazi ya Koma peke yake, na aliipenda kama mzazi anavyompenda mtoto aliyefanana naye pua na masikio. "Zamani Bawabu alikuwa anasinzia," alikuwa akisema, "sasa yuko macho."

Haya yote tuliyafanya kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la kutoa nakala. Mashine ikianza kunguruma upande wa pili wa ukuta, meza yetu hutetemeka, na Koma huinua kikombe chake bila hata kutazama.

Shangazi ni msusi. Saluni yake ipo mtaa wa pili kutoka kwetu. Aliacha shule kidato cha pili, na miaka yote amepaka watu dawa za nywele huku akijiuliza ndani ya ile chupa kuna kitu gani hasa kinachonyoosha nywele iliyojikunja tangu tumboni mwa mama. Ameuliza wauza dawa, wamemsomea karatasi ya maelekezo. Mwaka huu chuo cha jioni kilitangaza masomo ya watu wazima, kemia ikiwamo, naye akatutangazia mezani kwamba anarudi shule. Mjomba, mume wake, akapiga makofi. Usajili ulikuwa kwenye tovuti ya chuo, na mwisho wake Ijumaa.

Jumatatu nilipita saluni nikakuta simu yake imelala kifudifudi juu ya taulo.

"Umeshajisajili, shangazi?"

"Nimeghairi."

"Umeghairi? Kwa nini tena?"

"Muulize huyo." Akaisukuma simu kwa kidole kimoja. "Ananisuta."

Nikamwomba anionyeshe. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wa usajili, akagusa nafasi ya barua pepe na kuandika herufi *m*. Papo hapo ukatokea mstari mwekundu: *Barua pepe si sahihi!* Akafuta ile *m* haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Mstari ukabadilika: *Sehemu hii ni lazima!*

"Unaona? Nikiandika nimekosea, nikifuta nimekosea. Sasa nifanyeje, nipumue?"

Niliyajua yale maneno. Niliijua hata ile alama ya mshangao. Chuo kilikuwa kinamtumia Bawabu wetu.

"Endelea tu, shangazi. Ukimaliza kuandika, huo mstari utaondoka wenyewe."

"Mwanangu, mtu anakwambia umekosea halafu wewe unaendelea? Umelelewa wapi?"

"Basi niletee nikujazie mimi."

"Ukinijazia wewe, ukasome wewe." Akachukua chanuo akaanza kulisafisha, ingawa lilikuwa safi. "Kama mlangoni tu nimeshakosea hivi, darasani itakuwaje? Mle kuna watoto wa juzi. Waache wasome wenye vichwa vyao."

Aliyasema kwa sauti nyepesi, kama utani. Lakini saluni ile ina vioo pande zote, na hakunitazama kupitia hata kimoja.

Kesho yake asubuhi nilimweleza Koma. Alisikiliza huku amekunja mikono.

"Nampenda shangazi," alisema, "lakini *m* ni barua pepe? Si barua pepe. Bawabu kasema uongo?"

"Hajasema uongo. Amesema mapema."

"Hakuna mapema hapa. Kitu ni sahihi au si sahihi. Ndiyo au hapana. Kompyuta nzima imejengwa juu ya hilo, wewe unataka nini katikati?"

"Sijui nataka nini. Nataka asimgombeze mtu ambaye ndiyo kwanza anafungua mdomo."

"Basi tufute papo kwa papo. Turudi toleo la pili." Akageuza uso dirishani. "Sema tu, nifute."

Sikuweza kusema. Kwanza nilimwonea huruma. Pili, papo kwa papo ilikuwa kitu kizuri. Kuna watu walikuwa wakijaza ukurasa mzima, wanabonyeza "Tuma", ndipo wanaambiwa makosa yote kwa mkupuo. Hao ilikuwa imewaokoa.

Tulikuwa bado tumenuniana pale shangazi alipoingia, chaja yangu mkononi. Alikuwa amekuja kuirudisha, na kuniambia nisijisumbue na mambo ya shule, yamekwisha. Kisha akamgeukia Koma, kwa yale mahojiano ambayo humfanyia kila wanapokutana.

"Hujambo, mwanangu Koma."

"Sijambo, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Umeoa?"

"Bado, shangazi."

"Mchumba je?"

"Bado."

"Hata wa kudanganyia wazee?"

"Bado, shangazi, natafuta."

"Haya. Usichelewe, na mimi nataka kusuka bibi harusi kabla macho hayajaniishia." Akamgonga begani kwa upendo, akatoka.

Nilikuwa nimesimama na chaja mkononi.

"Koma. Kwa nini hukumjibu hapana?"

"Hapana nini?"

"Amekuuliza umeoa. Hujaoa. Jibu ni hapana. Ndiyo au hapana, kompyuta nzima imejengwa juu ya hilo."

"Nani anajibu hapana akiulizwa ameoa? Ni kama najilaani. Hapana ni mlango umefungwa. Mimi sija..." Mashine ya nakala ikaanza kunguruma, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie pale alisahau kuinua kikombe. Chai ikamwagika kwenye kibodi yangu, na hatukujali.

"Bado," alisema polepole.

"Bado," nikamjibu.

Hapo nilimwona Koma ninayemjua tangu chuoni, yule anayezungumza kwa mikono. "Ngoja, ngoja. Herufi *m* inaweza kukua ikawa barua pepe. Hiyo ni bado. Lakini mtu akianza kwa alama ya @, hata aandike mpaka kesho haiwi barua pepe. Hilo ndilo kosa. Tarehe: akiandika 3, bado, inaweza kuwa tarehe thelathini. Akiandika 39, kosa, na amwambie hapohapo! Kwa hiyo kila sheria ijue vitu viwili. Ijue kilicho sahihi, na ijue kinachoweza kuwa sahihi mtu akipewa nafasi." Akaketi. "Mbona hili ni zuri? Mbona hili ni zuri kuliko langu?"

"Ni lako."

"Ni la shangazi."

"Shangazi alitaka uoe tu."

Tulifanya kazi siku ile na kutwa nzima ya Jumatano. Haikuwa rahisi kama inavyosikika. Tovuti nyingi zilimzoea Bawabu anayejibu maneno mawili, na tungembadilisha ghafla zingeanguka. Tukaamua kwamba anayeuliza *sawa?* aendelee kupata ndiyo au hapana, na anayeuliza *hali?* ndiye apewe maneno matatu: *sawa*, *kosa*, *bado*. Tuligombana kuhusu nafasi tupu mpaka mwenye duka akachungulia kuona kuna usalama. Koma alisema tupu ni kosa kwa sababu sehemu ni ya lazima. Mimi nikasema mtu ambaye hajafika hajachelewa. Alikubali shingo upande, kisha baada ya saa moja akaniita akanionyesha kwamba amekwisha andika msimbo wa majaribio wa kulinda hoja yangu isije ikaharibiwa. Alitaka pia neno *bado* liwe la Kiingereza, kwa ajili ya wageni.

"Walijifunza *lazima*," nilimwambia. "Hili ni tamu zaidi."

Alhamisi nilimpigia simu fundi wa tovuti wa chuo. Alikuwa na sauti ya mtu ambaye hajapumzika wiki nzima.

"Dada, usajili unafungwa kesho. Unataka niguse mlango wakati watu wanaingia?"

Nikamweleza. Nikamweleza vibaya, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi, nikamtaja na shangazi. Fundi akacheka.

"Kumbe ni ninyi! Karani wetu anapigiwa simu kila siku. Kuna baba mmoja alisema tovuti yetu ina gubu. Nitumie hilo toleo. Nikilijaribu likinisumbua narudisha la zamani, na usinipigie tena." Alasiri alituandikia neno moja: *Limekaa.*

Ijumaa nilimkuta shangazi katikati ya kichwa cha mteja, nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima.

"Jaribu mara moja tu," nilisema. "Kwa ajili yangu."

"Nilikwambia yamekwisha."

"Mara moja. Akikusuta, sitakutajia tena neno shule."

Alinitazama, safari hii kupitia kioo. Mteja, ambaye nadhani alikuwa amesikia kisa chote tangu kilipoanza, akasema, "Mjaribu, dada, mimi nina haraka gani na kichwa hiki?"

Shangazi akafuta mikono, akavaa miwani. Akaandika *m* na kusubiri, mabega yamepanda. Hakuna kilichotokea. Akaongeza herufi. Akanitazama kana kwamba nimemficha kitu. Akaendelea, herufi moja moja, kidole kikitafuta, midomo ikisoma, na alipofika mwisho wa anwani ikatokea alama ndogo ya kijani.

"Leo amelala?"

"Yuko macho. Anakusikiliza."

Kwenye tarehe ya kuzaliwa, mwezi aliandika 15. Mstari mwekundu ukatokea: *Mwezi wa 15 haupo. Tazama tena.* Shangazi akainamisha kichwa, akaisogeza simu karibu, akasogeza mbali.

"Eh! Kweli, haupo. Nimeanza na siku mahali pa mwezi." Akafuta bila haraka, akaandika upya. "Hapo sawa. Hapo kosa langu, na ameniambia vizuri."

Kisha ikaja nafasi ya neno la siri. Akafikiri, uso ukamng'aa, akalitangaza kwa sauti herufi kwa herufi huku akiandika. Mimi na mteja tulipiga kelele kwa pamoja. Ilibidi achague lingine, akatufukuza wote tugeuke ukutani, na kwa kuwa kuta zote ni vioo, ilibidi tufumbe macho.

Alibonyeza "Tuma" kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayebandika muhuri. Jibu lilikuja: amepokelewa, masomo yanaanza Jumatatu. Akalisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanga ya kazini, akaivaa tena, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

"Kemia," aliniuliza, "wanaanzia wapi?"

Nilijaribu kukumbuka. "Kwenye atomu, nadhani."

"Atomu." Alilitamka taratibu, kama anayeonja. Kisha akarudi nyuma ya kiti, akashika fungu la nywele za mteja wake, akalitazama kwa muda mrefu kabla ya kuligawa mara tatu. "Haya, mama, tulia. Kumbe humu ndani kuna atomu."