Mkindu Namba Arobaini na Moja

Kila asubuhi, kabla gari halijawashwa, Witness alichonga penseli juu ya kopo la maziwa, akaandika tarehe kwenye fomu, kisha akamuuliza Mansuri, dereva wao, mita inasoma ngapi. Jumatano ile walikuwa wameegesha Matombo. Mansuri alifungua mdomo kumjibu, akaishia hapo. Mkindu ulikuwa unakatiza barabara.

Ulikuwa na mashina manne yaliyoinamiana, na kwenye shina nene zaidi ilikuwepo namba 41 kwa rangi nyekundu. Mwandiko ulikuwa wa Witness. Aliuandika Jumatatu huko Mkuyuni, kando ya kijito. Mkindu ulisubiri pikipiki ipite, ukavuka, ukashika upande wa kushoto kuelekea Mvuha.

"Elfu arobaini, mia mbili na sita," Mansuri alisema.

Witness akaandika.

Kazi yao ilikuwa kuorodhesha miti yote iliyokuwa karibu na barabara kabla haijapanuliwa. Witness, aliyesomea misitu chuoni, alipewa miti ya jamii ya mnazi kwa sababu aliweza kuitambua gari likiwa linakwenda: mvumo kwa tumbo la shina lake, mkoche kwa shina linalogawanyika kama panda ya manati, mwale kwa majani marefu kuliko nyumba, mkindu kwa miiba chini ya makuti. Mwisho wa fomu kulikuwa na safu mbili: Umepandwa, na Wa porini. Mti uliopandwa ulikuwa na mwenyewe, na barabara ililazimika kuzungumza naye. Mti wa porini haukuwa na mtu.

Ile Jumatatu aliona kwamba majani ya mkindu ule yalikatwa kwa zamu, kovu juu ya kovu, na kwamba chini yake pamefagiliwa.

"Huu kama una wenyewe," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa shida.

"Nani kaupanda?" aliuliza Bwana Nasibu, msimamizi wao.

"Hakuna aliyeupanda. Umeota."

"Basi."

Witness akatia tiki Wa porini. Kesho yake mkindu ukang'oka, ukaanza safari ya kwenda ulikoandikwa. Mivumo iliyotiwa tiki hiyohiyo haikuhama, maana ilikuwa porini tayari.

Jumatano ile, hawajamaliza chai ya asubuhi, akatokea mwanamke mzee akitembea kwa miguu, kisu kiunoni, mikono yake ikisuka ukili bila kuutazama.

"Shikamoo bibi," Witness alisema.

"Marahaba mwanangu. Mmeuona mkindu wangu?"

"Umepita sasa hivi," Mansuri alijibu. "Umeshika kushoto."

"Afadhali. Malori ya huku hayana adabu."

"Panda bibi, tutaukuta mbele. Mti wenyewe una mwendo kuliko gari la serikali."

Aliitwa Scholastika. Alikaa nyuma pamoja na Witness, ukili ukimwagika mapajani mwao wote wawili. Mkindu, alieleza, haukupandwa na mtu. Mama yake aliukuta, akaukata kwa zamu, akaupalilia, na mama wa mama yake vilevile. Ardhi ya kijitoni ilikuwa ya ukoo wa kike, na mkindu ulikwenda na ardhi. Sasa alikuwa anasuka mkeka wa harusi ya mjukuu wake, Prisca. Ulibaki upana wa mikono miwili.

"Siwezi kumalizia na ukindu wa mti mwingine. Rangi itakataa," alisema. "Ila nashangaa kitu kimoja. Mti hauondoki bila kuambiwa. Nani kauambia?"

Bwana Nasibu alitazama simu yake. Witness alichonga penseli ambayo ilikuwa imechongoka.

Waliukuta saa tisa, karibu na Kisaki. Ulikuwa umetoka barabarani na kusimama katikati ya mikoche, mizizi imeshazama. Bibi Scholastika aliuambia twende nyumbani. Ulitikisa makuti kidogo, kama mtu aliyesikia lakini ana barua ya uhamisho mkononi. Alipotoa kisu, Bwana Nasibu alimwambia kwa upole kwamba huku ni porini, kukata jani kunahitaji kibali, na kibali hutolewa mjini.

Witness alimvuta msimamizi wake pembeni.

"Tubadilishe ile fomu."

"Fomu zilishatumwa jana. Zikishaingia hazifunguki."

"Lakini tulikosea."

"Hebu angalia mwenyewe," Bwana Nasibu alisema, akauonyesha mkindu kwa kidevu. "Uko wapi sasa?"

"Porini."

"Basi fomu iko sahihi."

Hakusema kwa ubaya. Alirudi garini, akafungua dirisha apate upepo. Mansuri aliuliza kama waondoke.

Bibi Scholastika alikuwa amekaa chini ya mti, anasuka ukindu uliobaki. Ulipokwisha, vidole vyake viliendelea kidogo bila kitu, kisha vikatulia. Alikifutafuta kile kisu, ingawa hakikuwa kimekata chochote. Witness alikwenda akachutama mbele yake, fomu ya siku ile imekunjwa mkononi.

"Bibi."

"Naam, mwanangu."

"Ni mimi niliyeuandika wa porini," Witness alisema. Safari hii sauti ilifika hadi garini. "Na nilijua una wenyewe."