Siku ya T

Mashine ya kusaga ya Githongo iliponyamaza saa ya chakula cha mchana, Mwalimu Nthiga aliweza kusikika, na hapo ndipo alipoandika ubaoni maswali ya kupanga. Chumba chake cha tuisheni kilikuwa nyuma ya mashine, na wanafunzi walitoka humo na unga kwenye nyusi. Kajuju alikaa mbele. Alikuwa ameanguka mara mbili mtihani wa kuingia chuo cha maafisa wa kliniki kule Embu, na chuo hakikumruhusu mtu kujaribu zaidi ya mara tatu. Kilichomwangusha ni maswali hayohayo: nani anakaa kando ya nani, nani atangulie, nani asifuatane na nani.

"Usiwafikirie sana," Mwalimu alimwambia. "Ni herufi tu."

Watu wa maswali walianza kuja nyumbani msimu wa kuchuma kahawa. Wa kwanza walikuwa waimbaji wa kwaya, wa lile swali la viti vya kanisa. Walisimama uani na majoho yao wakimngoja Kajuju amalize. Alipopata jibu walijipanga kama alivyoandika, wakaaga, wakashuka kwa njia ya shambani. Mama yake, Celina, aliwaona wakipita akauliza kama wamepewa chai. Wiki iliyofuata wakaja mbuzi wa swali la josho, wakala sukuma wiki ya jirani kabla Kajuju hajajua ni yupi atangulie. Jirani alilalamika. Celina akamwambia bintiye ajitahidi kufanya hesabu haraka.

Kisha Mwalimu akawapa wanafunzi swali la daktari. Daktari anafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa na anaona mgonjwa mmoja kwa siku. S lazima aonwe Jumatano. N aonwe siku inayofuata ile ya M. K atangulie L. T ataonwa ikiwa kuna siku iliyobaki. Ikiwa M anaonwa Jumatatu, nani anaonwa Alhamisi?

Wagonjwa walifika jioni, wakaketi kwenye benchi nje ya jikoni. T alikuwa mwanamke mzee mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka viatu havikufungika, na alipumua kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Kajuju alimpa kiti chenye mgongo.

"Asante, mwari wakwa, binti yangu," alisema T. "Fanya hesabu. Mimi sina haraka."

Haikuwa hesabu ngumu. M Jumatatu, N Jumanne, S Jumatano, K Alhamisi, L Ijumaa. Jibu lilikuwa K. Watano wakasimama, wakajipanga, wakaenda. T akabaki.

Kajuju alijaribu tena. Akamtanguliza K, akamrudisha M nyuma, na kila alivyopanga siku zilijaa. Usiku ule T alilala kitandani kwa Kajuju, akiwa ameegemea mito kwa sababu hakuweza kulala chali.

Kesho yake Kajuju alimpelekea Mwalimu daftari lake.

"Umepata," Mwalimu alisema, akatia alama ya vyema.

"Na T je, Mwalimu?"

"T amefanya nini?"

"Amebaki. Yuko kwetu."

Mwalimu alisoma swali tena kwa makini, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Swali halijauliza nani amebaki," alisema. "Limeuliza nani wa Alhamisi. Ukianza kujibu ambayo hujaulizwa, utaanguka tena."

Kajuju alimfuata S, aliyekuwa anangojea Jumatano yake karibu na kiwanda cha kahawa. Alikuwa mwanamume mnene aliyevaa sweta, na hakuonekana mgonjwa sana.

"Ungeweza kumwachia cucu, yule bibi mzee, siku yako?"

"Mimi niliambiwa Jumatano," S akajibu. "Sikuichagua. Nikiiacha, hawatampa yeye. Itakaa hivyo tu bila mtu."

Celina ndiye aliyempeleka T kwenye zahanati kwa bodaboda, akiwa amemshika kwa nyuma asianguke. Karani aliuliza jina, akaambiwa T, akaandika T. Kisha akamwambia Celina kwamba daktari huja Jumatatu hadi Ijumaa, na siku zote zimejaa. Ikitokea moja imebaki, atawapigia simu. Walirudi jua likiwa kali. T alioshwa miguu kwa maji ya vuguvugu, akanywa uji wa wimbi, akasema uji ni mzuri.

Alikaa nao hivyo. Asubuhi alichambua maharagwe akiwa ameketi, na mchana alimsikiliza Kajuju akifanya mazoezi. Alijua sheria zote. Kajuju akikosea alikohoa kidogo, na Kajuju akafuta. Kwa msaada huo akawa mwepesi kuliko wote pale tuisheni, hata Mwalimu akaanza kumpa kazi ya kusahihisha wenzake. Lakini miguu ya T ilizidi kuvimba, na zahanati haikupiga simu.

Mtihani ulifanyiwa Embu, katika ukumbi wenye madirisha ya juu. Watahiniwa walipofungua karatasi, wagonjwa waliingia kupitia mlango wa nyuma. Watungaji walikuwa wamelirudia swali la daktari. Msimamizi aliwaonyesha wagonjwa mahali pa kukaa na kuwataka wasiongee. T aliingia wa mwisho, akishika ukuta. Alikuwa amefika kabla ya Kajuju kumaliza kusoma swali, ijapokuwa asubuhi Kajuju alikuwa amemwacha Githongo.

Safari hii swali lilikuwa na machaguo manne, na la nne lilisema: T. Kajuju alilitazama muda mrefu. Aliwaza kwamba akitia alama hapo, pengine T angesimama aende aonwe. Pia aliwaza habari ya mama yake na mikono yake iliyopasuka kwa kahawa, na kwamba hakukuwa na mara ya nne. Akageuka. T alikuwa akimtazama. Alikohoa kidogo, kama alivyokohoa nyumbani kalamu ilipokuwa inaelekea pabaya.

Kajuju akatia alama kwenye K.

Wakati wa kutoka T alimngojea mlangoni. "Umepata," akasema. "Hilo ndilo jibu." Alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

Kajuju alichukuliwa na chuo. Kanisani walimwombea, Mwalimu Nthiga akampa peni nzuri, na akahamia Embu. Muhula wa pili walipelekwa hospitali ya mafunzo kujifunza kazi, na yeye akawekwa kwenye dawati la kupangia wagonjwa siku. Waliomtangulia walisema hawajawahi kuona mwanafunzi anayepanga vizuri hivyo. Kwenye ratiba yake hakuna aliyegongana na mwingine.

Siku moja Celina alipiga simu kabla ya saa sita mchana.

"Cucu ametuacha," alisema. "Alikuwa ameketi tu. Nilidhani amesinzia."

"Mtamzika lini?"

"Kesho. Kule chini kwenye kahawa. Padri anauliza jina lake kamili."

"Mwambie ni T."

"Nimemwambia. Anasema ni sawa. Utakuja?"

"Niko kazini kesho, Mama. Hakuna wa kukaa hapa."

"Basi kaa," Celina akasema, na simu ikakatika.

Mbele ya dawati alikuwa amesimama mwanamume kutoka Kianjokoma na mkewe. Mke alikuwa ameegemea ukuta, akipumua kwa mdomo. Kajuju akapitia siku zote, mbele na nyuma, polepole.

"Ya karibu ni mwezi wa pili," alisema.

"Hakuna ya mapema, daktari?"

"Zimejaa."

Mwanamume huyo alimshukuru, akauliza kama kuna mahali mkewe anaweza kupata maji ya kunywa. Kajuju akamwonyesha bomba lililokuwa nje, upande wa kushoto, kisha akamwita anayefuata.