Kiti cha Arvid

Asubuhi aliyofariki Arvid, hakuna aliyewapelekea wapiga kambi kuni. Ilikuwa Jumamosi ya sikukuu ya mwisho wa Mei, hifadhi imejaa mahema hadi ukingoni mwa ziwa. Gari la wagonjwa lilimchukua bila king'ora, wageni wasiamke. Saa mbili mwanamume mwenye kaptura akagonga mlango wa trela, nyumba ya magurudumu alimokaa Arvid na mkewe Lorna.

"Mama, kuni vipi leo? Yule mzee wetu wa kupunga mkono yuko wapi?"

"Hayupo," Lorna alisema.

"Haya. Na kule vyoo vya wanawake hakuna karatasi. Mke wangu amerudi amenuna."

"Nakuja."

Akaenda. Alivaa glavu, akasugua masinki na vyoo vyote, akazoa nywele za watu kwenye mabafu. Hakulia. Vyoo vikikutwa vichafu siku ya sikukuu, meneja angeuliza ni nani hakufanya kazi. Uwanja ule wa kuegesha trela, na umeme na maji yake, hifadhi iliwapa bure kama malipo ya kazi ya watu wawili. Nyumba yao ya mjini ilikwishauzwa, fedha zikaishia kwenye matibabu ya figo za Arvid.

Mwaka mzima Arvid hakuinua hata ndoo. Kila asubuhi Lorna alimvalisha fulana ya kijani ya hifadhi, akamkalisha kwenye kiti cha mbao nje, chini ya ubao ulioandikwa *Wenyeji wenu: Arvid na Lorna*. Arvid aliwapungia watu mkono. Kila aliyepita aliona wenyeji wawili.

Meneja, Dwight, alikuja Jumanne, mahema yamekwisha kung'olewa. Alivua kofia.

"Pole sana, Lorna. Arvid alikuwa mtu wa watu."

"Asante."

"Sasa, utaratibu unaujua. Hapa ni pa watu wawili. Kuna mtu na mkewe huko Iowa, wanangoja tangu majira ya baridi. Lakini usikimbie. Kaa hata wiki."

"Niachie mimi, Dwight. Kazi naiweza."

"Peke yako? Kwa umri huo? Acha utani, bibi."

"Nimeifanya peke yangu tangu mwaka jana. Arvid hakugusa brashi. Na wewe mwenyewe ulituandikia barua ya sifa, kwamba hakuna hifadhi yenye vyoo safi kama hivi."

Dwight alikitazama kile kiti, kisha akavaa kofia yake.

"Hilo sijalisikia," alisema polepole. "Nikilisikia, itabidi niandike kwamba mlikaa hapa kwa udanganyifu. Hapo hata hiyo wiki huipati."

Lorna aliugeukia ubao.

"Ubao nitaushusha mwenyewe," alisema.

"Kiti unaweza kukiacha. Ni kizuri."

Trela aliiuza kwa jirani. Gari lake dogo lisingeweza kuivuta. Siku hizi analala ndani ya gari hilo, nyuma ya duka la vyakula mjini, na huhama kabla wafanyakazi hawajafika.

Julai alirudi hifadhini kuchukua barua zake. Wenyeji wapya walikuwa wamekwisha kupachika ubao wao. Mume mgongo wake ni mbovu. Hushinda kwenye kiti cha Arvid, akiwapungia watu mkono. Vyoo vyote anavisugua mke.