Albamu Ambayo Haikuanza Saa Nane

Usiku wa jana niliota nimeteuliwa kuwa katibu wa kamati ya kurudi kwa bendi ya Harrow Kettles. Sikuomba. Mimi nashona sare za shule hapa Morogoro, na hao ni Waingereza wanne wapiga roki waliogombana na kuachana miaka kumi na sita iliyopita. Kinachotuunganisha ni kanda yao moja tu, ambayo mimi na kaka yangu Leodgar tuliisikiliza utotoni mpaka ikalegea.

Sasa wametoa albamu mpya, na kamati ndiyo ileile ya mazishi ya mtaa wetu, na turubai lilelile, na masufuria yaleyale ya pilau. Naona ni sawa tu. Nani mwingine ana viti vya kutosha?

Niko kwenye ukumbi wa parokia. Nje inanyesha mvua ya Uingereza, imepanga foleni mlangoni na inaingia tone moja moja. Nyimbo kumi na mbili za albamu zimekaa mstari wa mbele, kwenye viti vya ndugu wa karibu. Wimbo wa saba umetoka kidogo kujisaidia.

Mshereheshaji ni gita. Limeshika ratiba iliyochapwa: saa nane kamili wimbo wa kwanza, saa nane na dakika nne shukrani kwa niaba ya familia.

Nawahesabu wanabendi. Watatu. Mwimbaji ana ufa shingoni uliozibwa kwa gundi, maana bendi ilivunjika kweli. Namuuliza kama unauma. Anasema wakati wa baridi tu.

"Wa nne yuko wapi?" nauliza.

"Mpiga ngoma yuko njiani," linasema gita. "Basi limemharibikia Gairo."

Ya Gairo naijua.

Miaka sita iliyopita tulimzika mama. Leodgar, kifungua mimba wake, alikuwa anatoka Mwanza, na basi likamharibikia Gairo. Ratiba ilisema saa nane. Padri alikuwa na mazishi mengine, mawingu yalikuwa yamefunga, na kamati ikaniuliza mimi. Nikasema tuzike. Leodgar alifika saa tisa na dakika kumi akatukuta tunanawa mikono. Hakumtupia mama hata konzi moja ya udongo. Alinawa na yeye, akarudi stendi, na tangu siku hiyo hatusemezani. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia, nikaendelea kushona.

Nageuka kutafuta kiti, na ukumbi haupo. Tuko makaburini. Viti vimesimama kwenye majani, na ngoma zimepangwa juu ya udongo mbichi. Hakuna anayeshangaa. Bibi mmoja wa kamati anagawa maji ya kunywa.

"Dada Skola," linasema gita, "ni saa nane. Katibu ndiye mwenye neno. Tuanze?"

Nyimbo zote zinageuka kunitazama. Hata ule wa saba umerudi.

Ngoma kubwa inakohoa. "Mimi siingilii mambo ya kamati," inasema, "lakini bila yeye mimi ni pipa tu."

Nilikuwa na neno lilelile mdomoni. Lilikuwa jepesi, kama lilivyokuwa siku ile.

"Tungoje," nikasema.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka afike."

Gita linapekua ratiba mbele na nyuma. Linaniambia kwa upole kwamba mstari huo haumo. Nachomoa chaki yangu ya kupimia sare, nauandika.

Basi tukangoja. Mawingu yanakuja, yanatusalimu, yanakaa. Wageni wanaanza kuondoka na pilau lao kwenye mifuko. Wimbo wa tatu unaota mvi mbele ya macho yangu, na mwimbaji anainua mkono kushika shingo yake, gundi inaachia. Niliogopa, nasema kweli. Niliona nimewaharibia watu shughuli yao, na huenda huyo mtu haji kabisa. Sikujua tena namngoja nani.

Saa tisa na dakika kumi mtu anatokea barabarani na begi. Ni Mwingereza, ana nywele nyekundu, viatu vimejaa vumbi. Lakini anatembea kwa kutanguliza bega la kushoto, na mwendo huo ni wa kwetu.

Hasalimii mtu. Haendi kwenye ngoma. Anainama, anachota udongo konzi moja, anautupa taratibu. Halafu ndipo anakaa, anashika vijiti, na wimbo wa kwanza unasimama kwenye kiti chake na kuanza. Nililia mpaka bibi wa kamati akanipa khanga yake.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, jirani anachota maji bombani. Nilikaa kitandani nikijaribu kuikumbuka melodi ya wimbo ule, haikuja. Nikachukua simu kutazama saa, nikakuta ujumbe umeingia alfajiri, kutoka kwenye namba niliyoihifadhi kwa jina la "Usipokee". Ni wa kwanza kwa miaka sita. Nimeusoma mara nne, na sijamsimulia mtu yeyote ndoto hii kabla yenu.

"Skola," ameandika kaka, "asante kwa kuningoja."